Je, Akiba Haiozi? Kuhusu Uaminifu wa Programu za Kunakili Diski za Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Kauli hiyo ilizuka katika jamii iliyojua ghala, chungu na kapu. Na hata katika jamii hiyo, mwenye ghala hakuacha kuchungulia mahindi yake mara kwa mara kuona iwapo yameingiwa na fukusi. Methali ilimhimiza aweke. Haikumwambia kuwa akishaweka asiangalie tena. Katika zama hizi ambapo ghala la msomi ni diski iliyomo ndani ya tarakilishi yake, sehemu ya kwanza ya hekima hiyo imeshikwa na wengi, ilhali ile ya pili imesahauliwa. Mwanafunzi hununua diski ya nje, akaweka programu ya kunakili, akausoma ujumbe kwamba kazi imekamilika, kisha akalala usingizi wa pono. Makala haya yanashikilia kuwa usingizi huo hauna msingi. Programu ya kunakili haistahili kuaminiwa kwa sababu imenakili. Inastahili kuaminiwa pale tu ilipokwisha kurejesha, mbele ya macho ya mwenye mali, kile ilichokabidhiwa.

Huenda pakazuka swali: suala hili linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Je, si kazi ya mafundi wa mitambo? La hasha. Tasnifu iliyopotea inaweza kuandikwa upya, japo kwa machozi na kwa kuchelewa kuhitimu. Zipo data, hata hivyo, ambazo haziandikiki mara ya pili. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda pwani kurekodi vave za wakulima wa Kibajuni, kimai cha mabaharia au nyimbo za vugo hurudi na sauti za watu ambao aghalabu umri umekwisha kuwatupa mkono. Mzee aliyeimba akifariki, rekodi iliyomo katika tarakilishi ya mwanafunzi huyo inakuwa ndiyo yote iliyobaki. Diski hiyo ikifa bila nakala, au ikiwa na nakala isiyofunguka, jamii nzima inakuwa imepoteza, na wala haitajua kuwa imepoteza.

Historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe ni ushahidi wa thamani ya nakala. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, yamewafikia wasomaji wa leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, William Taylor akayahifadhi, na hatimaye William Hichens akayachapisha katika diwani mwaka 1940. Mnyororo huo haukuwa na mtambo wowote. Ulikuwa na watu ambao kila mmoja alisoma alichopokea kabla ya kukipitisha mbele. Hicho kitendo cha kusoma ndicho kinachokosekana leo.

Diski na mauti yake

Diski ya kwanza kuuzwa pamoja na tarakilishi, IBM 350, ilitolewa mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, ukubwa wa kabati, na ilibeba takriban herufi milioni 5 tu. Diski ya leo inayotiwa mfukoni hubeba maelfu kwa maelfu ya mara ya kiasi hicho, lakini kanuni ya ile yenye sahani haijabadilika: sahani huzunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Kishindo kimoja cha kuanguka kutoka mezani chatosha kukigusanisha kichwa na sahani. Diski mpya zisizo na sehemu zinazozunguka zimeepukana na balaa hilo, ila nazo zina ukomo: vijumba vyake vya kumbukumbu huchakaa kadiri vinavyoandikwa na kufutwa, na hitilafu ya kidude kimoja cha umeme yaweza kuifanya diski nzima inyamaze ghafla.

Wapo wanaodhani kuwa diski itabisha hodi kabla ya kufa. Mwaka 2007, watafiti wa kampuni ya Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika mitambo yao. Walichunguza ishara za SMART, yaani mfumo uliomo ndani ya diski wa kujipima afya. Ilibainika kuwa zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja, ukiondoa zile za joto. Kwa hivyo, mwenye kungoja dalili ndipo anakili ni sawa na mwenye kungoja mvua ndipo aezeke nyumba.

Hapa ndipo programu za kunakili zinapoingia, na wala makala haya hayakusudii kuzibeza. Mtu asiye na nakala yoyote yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye nakala ya kubahatisha. Linaloshutumiwa hapa ni imani ya kipofu ambayo programu hizi zimepewa, na ambayo watengenezaji wake hawakuona haja ya kuikanusha.

Namna programu inavyoweza kumsaliti mwenyewe

Usaliti wa kwanza ni ule wa kimya. Programu huagizwa inakili kila usiku, lakini kipakatalishi huzimwa kila usiku. Huagizwa inakili kabrasha la nyaraka, ilhali mwanafunzi huiweka tasnifu yake juu ya uso wa skrini, nje ya kabrasha hilo. Diski ya nje hujaa, au haichomekwi, au tarakilishi huipa herufi nyingine ya utambulisho na programu ikashindwa kuipata. Programu nyingi za zamani ziliziruka faili zilizokuwa wazi wakati wa kunakili. Hivyo basi, faili iliyorukwa ilikuwa ileile iliyokuwa ikiandikwa, yaani ile iliyohitajika zaidi. Katika hali zote hizi, habari ya kushindwa huandikwa mahali ambapo hakuna anayesoma.

Asidhani mtu kuwa haya huwapata limbukeni peke yao. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia wataalamu wa programu kazi zao, alifuta kwa bahati mbaya data katika seva kuu akidhani yuko katika seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala. Zilipotafutwa, ilidhihirika kuwa programu iliyopaswa kunakili hifadhidata kila siku ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe, hivyo ilikuwa ikishindwa. Na barua pepe za kutangaza kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Mahali palipotarajiwa kuwa na nakala palikuwa patupu. Kilichoiokoa kampuni ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Kila kilichoingizwa katika hifadhidata ndani ya saa hizo sita kilipotea. GitLab ilikuwa na uungwana wa kuyachapisha haya yote, na ndiyo maana yanajulikana. Ikiwa waliobobea walikuta ghala tupu, sembuse mwanafunzi ambaye hajawahi kuinua kifuniko?

Usaliti wa pili ni mbaya zaidi: chombo cha kulinda kugeuka kuwa chombo cha kuangamiza. Mnamo Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti, faili zipatazo milioni 34, mali ya vikundi 14 vya watafiti. Mhalifu hakuwa virusi wala mwizi, bali programu ya kunakili yenyewe. Programu hiyo ilikuwa na kipengele cha kufuta kumbukumbu za kazi zilizopitwa na wakati. Ilirekebishwa, na toleo jipya likawekwa juu ya lile la zamani wakati lile la zamani lilikuwa bado likitekelezwa. Programu ikaendelea katikati ya njia kwa maagizo mapya yasiyokuwa na thamani zake, na amri ya kufuta ikaangukia kabrasha la watafiti. Kampuni iliyouza mfumo huo, Hewlett Packard Enterprise, ilikubali lawama yote. Lakini kukubali lawama hakukurudisha data za vikundi vinne kati ya hivyo 14.

Hata katika tarakilishi za nyumbani mfano haukosi. Windows Home Server ya kampuni ya Microsoft ilitolewa mwaka 2007 ili, pamoja na mengine, iwe mahali pa kuwekea nakala za tarakilishi zote za familia. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ililazimika kuwaonya watumiaji kuwa baadhi ya faili zilizohaririwa zikiwa ndani ya seva hiyo zingeweza kuharibika. Tiba kamili ilipatikana Julai 2008. Kwa miezi kadhaa, ghala lenyewe lilikuwa na fukusi.

Usaliti wa tatu hutokana na wakati. Nakala nyingi hazihifadhiwi kama faili za kawaida, bali hufungwa katika furushi moja ambalo ni programu iliyolifunga tu ndiyo inayoweza kulifungua. Watumiaji wa Windows XP walikuwa na programu iitwayo NTBackup, na wengi waliitumia kwa uaminifu. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007, ilikuwa na programu nyingine ambayo haikuweza kuyasoma mafurushi ya ile ya zamani, na Microsoft ikalazimika kutoa chombo cha pekee cha kuyafungulia. Norton Ghost nayo, iliyokuwa jina kubwa katika kunakili diski nzima, ilikoma kuuzwa mwaka 2013. Mtafiti aliyezifunga rekodi zake katika furushi la namna hii ana sanduku zima, lakini ufunguo wake uko mikononi mwa kampuni ambayo haina mkataba wowote na umilele.

Usaliti wa nne ni wa utiifu uliokithiri. Kuna programu ambazo kazi yake ni kuhakikisha kuwa kabrasha mbili, moja katika tarakilishi na nyingine kwenye seva ya mbali, zinafanana wakati wote. Wengi huziita programu za nakala, lakini tofauti ni kama mbingu na ardhi. Sura ya tatu ikifutwa hapa, inafutwa na kule. Ikiharibika hapa, uharibifu unapelekwa kule kwa bidii ileile. Zipo huduma zinazohifadhi matoleo ya awali kwa siku chache, na hiyo ni rehema, ila siku hizo huhesabiwa. Programu haramu za kudai fidia zimeufanya udhaifu huu kuwa biashara. WannaCry, iliyosambaa Mei 2017, ilizifikia tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache. Ilizifunga faili za mwenyewe, ikazifikia na zile zilizokuwa katika diski zilizochomekwa, tena ikajaribu kuzifuta nakala ambazo Windows huzitunza kwa siri ndani ya diski hiyohiyo. Nakala iliyofungwa kamba moja na mali asilia huzama nayo.

Hoja za upande wa pili

Watetezi wa programu hizi wana majibu yao, na ni haki yasikilizwe. Wengine husema kuwa programu za kisasa hujihakiki. Ni kweli kwamba nyingi hukokotoa namba kutokana na yaliyomo katika faili, kisha huilinganisha na namba inayopatikana katika nakala; tofauti ya herufi moja hubadilisha namba nzima. Uhakiki huu ni wa maana sana, lakini unathibitisha jambo moja tu: kwamba kilichoandikwa ni sawa na kilichosomwa. Hauthibitishi kuwa kilichosomwa kilikuwa kizima, wala kuwa faili iliyotakiwa ilikuwemo katika orodha, wala kuwa furushi litafunguka katika tarakilishi nyingine siku ile ya kwanza itakapokuwa imeibwa.

Wengine hudai kuwa suluhisho ni kuziacha data mikononi mwa kampuni kubwa za mtandaoni. Hapana shaka kuwa kampuni hizo zina mitambo bora kuliko diski ya mwanafunzi iliyomo mkobani. Hata hivyo, data inayolindwa na nywila iliyosahauliwa, au na akaunti iliyofungwa, au na huduma iliyositishwa, ni data iliyopotea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Huduma hizo zifaa kuwa nakala mojawapo. Zisiwe nakala ya pekee.

Lipo pia kundi linalosema kuwa kosa ni la mtumiaji asiyesoma maelekezo. Lawama hii ina ukweli ndani yake, lakini inasahau kuwa programu ya kunakili huuzwa kwa ahadi ya kumwondolea mtumiaji wasiwasi. Chombo kinachoahidi utulivu, kisha kikashindwa bila kupiga kelele, kimevunja ahadi yake. Programu njema ni ile inayolalamika kwa sauti kubwa inaposhindwa, na inayomhimiza mwenyewe ajaribu kurejesha angaa faili moja kila mwezi. Zile za namna hiyo ni chache, na tabia ya kutangaza mafanikio imetukuzwa kuliko tabia ya kuyathibitisha.

Istilahi nazo zina neno

Wanafunzi wa Kiswahili wana mchango wa pekee katika mjadala huu, maana tatizo limeingia hata katika msamiati. Istilahi zinazotumika sana ni nakala rudufu na nakala hifadhi. Ya kwanza inasisitiza uwili, ya pili inasisitiza kuweka. Hakuna kati yake inayodokeza kurudi. Mtumiaji anayefundishwa kuwa kazi ni kurudufu ataridhika akiona mambo ni mawili. Anayefundishwa kuwa kazi ni kuhifadhi ataridhika akiona vitu vimewekwa. Lau istilahi ingalikuwa nakala ya marejesho, huenda swali la kwanza kumjia mtu lingekuwa: je, inarejesha? Istilahi njema huelekeza fikra mahali panapostahili. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulidhihirisha mwaka 2004 kwa kutoa Jambo OpenOffice kwamba programu za kazi za ofisini zinaweza kusema Kiswahili. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kuwa zinaposema Kiswahili, zinasema lililo muhimu.

Lifanyike nini?

Kanuni inayosifiwa na wengi, na inayohusishwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Umuhimu wa hiyo ya mahali pengine ulionekana mwaka 1998 katika studio ya Pixar huko Marekani, pale amri moja iliyokosewa ilipofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na nakala za studio zikakutwa hazifai. Filamu iliokolewa na tarakilishi iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wake, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Kwa mwanafunzi, mahali pengine si lazima pawe ng'ambo. Diski inayoachwa nyumbani kwa wazazi ilhali tarakilishi iko bwenini yatosha, mradi ichomekwe wakati wa kunakili tu na kuchomolewa mara moja baadaye.

Kanuni hiyo, hata hivyo, haikamiliki bila jaribio la kurejesha. Si kazi ya siku nzima. Mwenye tasnifu achague faili tatu, ya zamani, ya juzi na kubwa kuliko zote, azirejeshe katika kabrasha jipya ndani ya tarakilishi isiyo yake, wala asizirejeshe juu ya faili asilia, maana akikuta nakala mbovu atakuwa ameua nzima kwa mbovu. Kisha azifungue. Asome ukurasa wa mwisho. Asikilize rekodi hadi tamati. Faili zilizo muhimu kupita zote ziwekwe pia kama zilivyo, bila kufungwa katika furushi la programu yoyote, ili yeyote mwenye tarakilishi aweze kuzisoma.

Idara za lugha nazo zisikwepe wajibu. Mtahiniwa huulizwa kuhusu nadharia yake, mbinu zake za utafiti na uteuzi wa sampuli. Ni nadra kuulizwa sauti alizorekodi ziko wapi na zitafunguliwa na nani baada ya miaka kumi. Swali hilo lingefaa kuingizwa katika pendekezo la utafiti, na jaribio la kurejesha lifanywe mbele ya msimamizi kabla ya mtafiti kuruhusiwa kuandika sura ya uchanganuzi. Wazee waliotoa nyimbo zao walizitoa kwa kuamini kuwa zitatunzwa. Amana hiyo haiwezi kukabidhiwa programu kisha ikasahauliwa.

Akiba, basi, haiozi kwa sharti moja: kwamba mwenyewe anaichungulia. Programu ya kunakili ni mlinzi wa ghala, na mlinzi mwema hujulikana kwa mizani wakati wa kupima nafaka wala si kwa salamu za asubuhi. Kila mwenye diski na apime leo, maana siku ya njaa si siku ya kugundua fukusi.